Bampa Si Kisigino

Wacha niseme tu, na wa kukasirika akasirike: video nyingi za "kurudisha weusi wa bampa" ambazo mnatumiana ni uongo. Weusi unaouona ni wa kweli, sikatai. Uongo uko kwa saa. Kamera inazimwa dakika tano baada ya kupaka, na hakuna anayerudi kwa hiyo gari wiki mbili baadaye, mvua ikishanyesha.

Nami natengeneza video, ndiyo kazi yangu tangu niache chuo, kwa hivyo najua vile hii kitu inaenda. Muuzaji mmoja wa hizo chupa alinitumia ujumbe: rekodi kabla na baada, siku hiyo hiyo, utume, ulipwe. Nikamuuliza, na nikirudi baada ya mwezi? Akanyamaza mpaka leo. Biashara yote iko kwa hicho kimya.

Shida inaanza na neno lenyewe. Tunasema plastiki "imepauka", na Mkenya akisikia kupauka anafikiria kisigino. Tumelelewa tukijua dawa ya kupauka ni mafuta, basi tunapaka. Lakini ngozi iko hai, inajirudisha. Plastiki haijirudishi.

Bampa nyeusi ya Probox, na zile plastiki za chini ya milango, kwa kawaida ni polipropilini iliyochanganywa na unga mweusi wa kaboni. Miale ya jua, ile isiyoonekana, inakatakata plastiki ya juu kabisa. Uso unabaki na nyufa ndogo ndogo na unga, mwanga ukigonga unatawanyika, na jicho lako linaona kijivu. Mafuta yanajaza zile nyufa kwa muda. Mvua na sabuni zikiyatoa, kijivu kiko palepale, na kabla ya hapo yalikuwa yameshika vumbi yote ya Waiyaki Way.

Usiniambie Nairobi si Mombasa, hakuna jua. Joto si hoja hapa. Tuko karibu nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta, na takriban mita 1,700 juu ya bahari. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo hiyo miale inavyozidi kuwa kali, hata kama umevaa sweta. Na sheria inaruhusu gari la mtumba la hadi miaka 8 kuingia nchini, kwa hivyo yako huenda ilifika ikiwa tayari imeota jua la watu huko Japani.

Halafu kuna wale wa moto. Unachoma bampa na bomba la gesi, inageuka nyeusi, watu wanapiga makofi. Umeyeyusha tu ngozi ya juu ikaziba nyufa. Kijivu kitarudi, na ukiteleza kidogo umebaki na bampa iliyojikunja.

Mtasema, ni plastiki tu, kwani iko nini? Iko hivi. Kuna watu wa rika letu wanachukua mkopo wa sacco kununua Vitz ya kwanza waingie kwa teksi za simu. Muuzaji anapaka mafuta saa moja kabla wafike. Wanaona gari iliyotunzwa, kumbe imelala nje miaka yote. Jua lililokula bampa limepitia pia mipira ya milango na taa za mbele. Hicho kijivu kilikuwa ushahidi, na kimefichwa. Ukienda kuangalia gari Ngong Road, beba kitambaa cheupe, ufute bampa kwa nguvu. Kikitoka na mafuta, anza kushusha bei.

Na kutengeneza hii kitu vizuri hakuhitaji gereji. Parking ya ploti, Kangemi ama Uthiru, Jumapili asubuhi, ndoo mbili za maji, basi.

Osha plastiki kwa sabuni ya vyombo na brashi, rudia mpaka povu litoke jeupe. Hapa ndipo wengi wanachoka, na hapa ndipo kazi yenyewe iko. Mwaga maji kidogo: yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudi kusugua. Yakitandaa, endelea. Kausha kabisa, pangusa na alkoholi ya isopropili, funika rangi ya gari kwa tepu ya karatasi. Kisha, kwenye kivuli, paka kidogo kidogo kinga ya plastiki ya aina inayokauka ikashikana, si ile inayobaki na utelezi. Futa inayozidi, na usiiguse na maji kwa muda ulioandikwa kwa chupa. Kama uso umeoza kabisa, tafuta praima ya plastiki na rangi ya bampa. Ukikosa mtaani, shuka Kirinyaga Road.

"Lakini hiyo kinga ni ghali." Piga hesabu. Shilingi 200 za kung'arishiwa kila Jumamosi, mara 52, ni 10,400 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka bampa bado ni kijivu. Kinga nayo haidumu milele, utarudia, lakini si kila Jumamosi.

"Na kijana wa kuosha magari atakula nini?" Mlipe kuosha. Kuosha ni kazi ngumu na inastahili pesa nzuri kuliko mnayomlipa. Hata yeye hana haja ya kuuza mafuta kama matengenezo. Anayenuna hapa ni mwenye chupa.

Kwa wenzangu wenye kamera, ombi langu ni moja. Ukiweka "kabla" na "baada", ongeza picha ya tatu, ya baada ya mvua. Ukiogopa kuiweka, basi unajua vizuri sana unachouza.