Kinywaji cha Mabibo kwa Wageni Wote



Msimu wa korosho unapofika huku Masasi na Newala, mabibo hutapakaa chini ya mikorosho na mengi huoza bure. Ni miezi hiyo hiyo, Oktoba hadi Desemba, tunapokuwa na harusi na sherehe za mwisho wa mwaka. Basi mwezi huu tutayarishe kinywaji cha mabibo na matunda mengine, ambacho mama mjamzito, mtoto na babu wanaweza kunywa kutoka chombo kimoja.

Mahitaji (glasi 20 hivi)
Mabibo 30 yaliyoiva
Nanasi 1 kubwa
Maembe 2
Machungwa 6
Ndimu 4
Tangawizi kipande
Sukari kikombe 1
Maji lita 3 yaliyochemshwa
Chumvi kidogo

Namna ya kutayarisha
1. Okoteni mabibo asubuhi ya siku ya sherehe. Yaliyopasuka au yenye wadudu acheni.
2. Nyonyoeni korosho nzima nzima bila kuikata, kwani mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na midomo.
3. Osheni mabibo kwa maji yenye chumvi, kisha yapikeni kwa mvuke dakika 10. Hivyo ule ukakasi unaokaba koo hupungua.
4. Yakipoa, yakamueni kwa kitambaa safi.
5. Twangeni nanasi, maembe na tangawizi, mchuje. Kamueni machungwa na ndimu.
6. Changanyeni vyote na maji. Onjeni kwanza, ndipo mtie sukari. Funikeni.

Huku uwandani maji ni ya shida, na wengi hutumia ya mvua yaliyohifadhiwa. Yachemsheni yote, pamoja na ya kugandishia barafu. Ugonjwa wa kuhara hauchagui sherehe.

Sasa jambo ambalo sisi wauguzi hatuwezi kuliacha. Maji ya mabibo hayakai. Yakilala usiku kucha kwenye joto letu huanza kutoa povu na kuchachuka, na huo ndio mwanzo wa uraka. Uraka ni pombe, hata kama ni mtamu. Kwa hiyo kinywaji hiki kinywewe siku ile ile, kikibaki, kimwagwe.

Pia kuna wanaopenda "kukichangamsha" kwa kumimina nipa kisirisiri. Utamu wa matunda huficha ukali wake, na anayekunywa hajui. Mjamzito hana kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Anayetumia dawa za kifua kikuu huweza kuumia ini. Mtoto mdogo huweza kupoteza fahamu kwa kiasi kidogo tu. Mekeni mtu mzima mmoja mwaminifu karibu na ndoo, naye peke yake ashike upawa.

Mwenye nyumba akipenda kuandaa mvinyo wa Dodoma, ubaki katika chupa yake, meza ya pembeni, kila mtu achague akijua anachokunywa.

Mwenye kisukari apewe kidogo tu, maana maji ya matunda yana sukari yake hata msipotia nyingine. Wengine wanywe kwa furaha: bibo lina vitamini C kuliko chungwa, na lilikuwa linaoza uani kwetu.

Tunawatakia sherehe njema.