WATAALAMU WATOA ALAMA, SISI TWABEBA MZIGO



Siku za karibuni gazeti moja lilipita mkono kwa mkono pale malori yanapongojea kazi karibu na soko la Burma. Ndani yake mtaalamu wa magari alikuwa ameyapanga malori madogo kama mwalimu apangavyo watoto wa darasa: hili nyota nne, lile nyota tatu, jingine halifai. Wenye malori walilisoma wakacheka. Lori lililowekwa mwisho ndilo karibu kila mmoja wao analo, na lile la kwanza hakuna aliyewahi kuliona likipakia viazi. Mmoja wao akasema, "Huyu bwana alipewa gari tupu, lami mpya na dizeli ya bure."

Nasi tulicheka pamoja nao. Lakini baadaye tulipokaa na kulifikiri jambo lenyewe, tuliona kwamba wenye malori wana haki nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo inayotuumiza sisi madereva, matanboi na wachukuzi.

Tuanze na haki yao. Mtaalamu husifu kabini isiyo na kelele na injini inayotawaliwa na kompyuta. Mwenye lori wa Kayole au Dandora huuliza mengine. Je, fundi wa Kariobangi Light Industries anaweza kuifungua injini hii asubuhi na kuirudisha jioni? Spea zake zapatikana Kirinyaga Road, au ni za kuagizwa na kungojewa? Chasisi iko juu kiasi gani, maana mvua ya Aprili ikinyesha njia za Njiru na Ruai zina matope ya kumeza gurudumu? Injini ya kompyuta huokoa dizeli, hatukatai. Lakini waya mmoja ukikatika usiku huko Njabini, dereva na tanboi hulala barabarani wakilinda mzigo, na kabichi haingoji. Wazee wetu wa Shauri Moyo bado husifu Bedford, na Isuzu TX yenye pua ndefu, kwa sababu hiyo moja: ilifunguliwa kwa spana chache, na kila fundi aliijua.

Hapa basi twasimama pamoja na wenye malori. Mtu anayetoa alama bila kuuliza gari litafanya kazi gani, na nani atalitengeneza, ametoa alama za duka.

Lakini tusidharau kila nyota. Katika mji wa London malori makubwa hupewa nyota kutoka 0 mpaka 5 kwa jambo moja tu, yaani dereva anaona nini kwa macho yake kupitia vioo vya kabini. Walianza kupima hivyo kwa sababu watu wa miguu na wa baiskeli walikuwa wakifa chini ya magurudumu ya malori ambayo dereva hakuwaona. Tangu Machi 2021 lori lisilo na nyota hata moja haliruhusiwi kuingia mjini humo mpaka lifungwe vyombo vya usalama, na tangu Oktoba 2024 nyota zinazotakiwa ni 3. Mwaka huo huo wa 2024 shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari huko Ulaya, lilianza kuyapa malori makubwa alama za usalama. Sisi tunaopita Jogoo Road asubuhi, watoto wa shule wakivuka Makadara na mikokoteni ikikata mbele yetu, twajua thamani ya alama ya namna hiyo. Pale Burma hatukumsikia mwenye lori hata mmoja akiuliza juu yake. (Canter yetu fupi, tuseme kweli, si mbaya katika hili. Dereva amekaa mbele kabisa na humwona mtoto aliye karibu na bampa. Ubaya wake ni kwamba siku ya ajali magoti yake ndiyo bampa.)

Sasa tuje kwenye nusu ya pili, yaani mzigo.

Kila lori lina kibati cha mtengenezaji, na juu yake kuna namba ya uzito wote ambao gari linaruhusiwa kuwa nao. Wenye malori huitazama namba hii kama wanavyotazama nyota za gazeti. Husema, "Mjapani ni mwoga. Hili langu hubeba mara mbili." Kisha hupeleka gari gereji, huongezewa springi mbili tatu kila upande, na siku hiyo hiyo huitwa gari la tani 7.

Ndugu, namba ya kibati si maoni ya mwandishi. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 56, yakataza gari kutumika barabarani na mzigo unaozidi ule uliotajwa na mtengenezaji wa chasisi, au uliokadiriwa na mkaguzi. Na hata sheria isingekuwako, springi hushika bodi isilale tu. Haziongezi breki, wala ekseli, wala usukani, wala matairi. Breki zilizotengenezwa kusimamisha tani 7 haziwi breki za tani 10 kwa sababu fundi ameongeza vyuma nyuma. Kutoka Njabini mpaka mjini lori hushuka zaidi ya mita 700. Aliyewahi kunusa breki zikiungua akiwa na viazi nyuma yake hahitaji kuelezwa zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Kibati chasema uzito wote ni kilo 7,500. Gari tupu na bodi ya chuma ni kilo 3,400. Watu, turubai, kamba na gurudumu la akiba ni kilo 250. Basi kilichobaki kwa mzigo ni kilo 3,850. Sasa pakia magunia 60 ya viazi, yale yaliyoshonewa kilemba juu ambayo soko zima huyaita mukorino, kila moja kilo 110. Hayo ni kilo 6,600. Umezidisha kilo 2,750, na mwenye lori bado anasema pembeni pana nafasi ya kabichi.

Wengine hujibu kwamba walipita mizani bila neno. Yawezekana. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, huruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari refu kuliko yote. Mipaka hiyo iliwekwa kuilinda barabara. Lori dogo laweza kuwa chini ya tani 10 kwa ekseli na huku limepita kabisa nguvu za ekseli yake lenyewe. Barabara imepona, dereva bado hajapona. Na hata barabara ina hesabu yake. Kutoka 1958 mpaka 1960 Wamarekani walizungusha malori usiku na mchana katika jimbo la Illinois ili kupima lami, wakaona kwamba ekseli ikibebeshwa mara mbili, uharibifu huongezeka karibu mara 16. Wenye malori wanaolalamikia mashimo ya Outering Road wakumbuke hilo wanapoagiza springi.

Twajua kwa nini wanazidisha. Wengi wao walikuwa matanboi kama sisi. Lori limenunuliwa kwa mkopo, benki hutaka pesa yake kila mwezi, na dalali wa Marikiti hulipa kwa gunia wala hajali safari. Mwenye lori mdogo anabanwa, naye hutubana sisi. Lakini polisi wakisimamisha gari, anayeshuka ni dereva. Mmoja wetu alikamatwa na mzigo ambao tajiri wake mwenyewe aliusimamia ukipakiwa, na mwisho wa mwezi faini ilikatwa katika mshahara wake. Alipouliza aliambiwa kwamba dereva mzuri angalijua njia ya kupitia.

Kuna alama nyingine ambayo mtaalamu wa gazeti hakuitoa, wala mwenye lori hakuidai. Kabini ya Canter ina nafasi ya watu watatu. Wa kwanza ni dereva, wa pili ni mwenye mzigo, wa tatu ni mke au shemeji wa mwenye mzigo. Tanboi hupanda juu ya magunia, chini ya turubai kama mvua inanyesha, juu yake kama hainyeshi. Hatujasoma gazeti lolote lililompa nyota tanboi kwa kiti chake.

Na lori likifika Marikiti kabla ya alfajiri, gunia lile la kilo 110 lateremka kwenye mgongo wa mtu. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo unaobebwa na mwanamume mzima. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 zataka gunia lisizidi kilo 50. Magunia ya kilo 50 yangeingia 77 katika lori la mfano wetu bila kuvunja sheria yoyote, na mchukuzi angefika nyumbani Muthurwa akiwa bado ananyoosha mgongo.

Kwa hiyo katika mazungumzo yajayo na wenye malori twataka mambo haya yaandikwe. Dereva asifukuzwe wala kukatwa mshahara kwa kukataa mzigo unaozidi kibati. Faini ya kuzidisha mzigo ilipwe na yule aliyeamuru upakiwe. Malipo ya dereva na tanboi yawe kwa safari, yasihesabiwe kwa gunia, maana gunia la ziada likiwa pesa yetu sisi wenyewe tutalipandisha. Tanboi apewe kiti ndani ya kabini. Na mwenye lori akitaka kununua jingine, awaulize kwanza watakaolipanda.

Kabla ya hapo twahitaji namba zetu wenyewe. Kila dereva anakili uzito wa gari tupu ulioandikwa kwenye mlango, na uzito wote ulio kwenye kibati, kisha aandike magunia aliyopakia katika safari zake tatu za mwisho na kilo za kila gunia. Usiandike jina la tajiri wala namba ya gari. Karatasi hizo zimfikie karani wa tawi kabla ya mkutano wa Jumapili. Asiyejua kibati kiko wapi afungue mlango wa dereva atazame pembeni, na kama kimepakwa rangi akwaruze polepole.