Kamishna Jenerali, Kilo Pekee Hazitoshi

Mwishoni mwa Desemba 2023, Kamishna Jenerali Aretas Lyimo alitangaza kwamba Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, imekamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni iliyofanyika Dar es Salaam na Iringa. Hadi wakati huo nchi hii haikuwa imewahi kuona shehena ya dawa hizo yenye ukubwa huo. Kilo 210 za heroini zilizonaswa Lindi Januari 2012 zilitikisa taifa wakati ule, na hazifiki hata sehemu ya kumi ya mzigo huu.

Tulipongeza, na pongezi hizo hatuziondoi. Vijana wa Mamlaka wanaokesha bandarini na kwenye majahazi wanafanya kazi ambayo wengi wetu tusingethubutu kuifanya. Hata hivyo, kilo zilizopangwa mezani mbele ya kamera ni mwanzo wa kazi. Kazi yenyewe huendelea mahakamani na kwenye dirisha la kliniki ya metadoni, ambako kamera hazifiki, na huko ndiko tunakotaka Kamishna Jenerali, huyu na kila atakayemrithi, apimwe.

Ofisi hii haikupatikana kwa urahisi. Sheria ya mwaka 1995 ilitupa Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya, na kuratibu ndiko ilikoishia. Haikuwa na mamlaka ya kukamata, kupekua wala kupeleleza. Ilikusanya takwimu, ikatoa elimu, ikaandika barua kwa wenye bunduki na pingu. Matokeo yake yalionekana Julai 2013, pale mizigo ya takriban kilo 150 ilipokamatwa Uwanja wa Ndege wa OR Tambo, Johannesburg, baada ya kupita salama katika uwanja wetu wa Julius Nyerere. Aibu ile ilisaidia kumshawishi kila mwenye shaka kwamba kuratibu hakutoshi. Bunge likapitisha Sheria Namba 5 ya mwaka 2015 iliyounda Mamlaka yenye meno. Hata hivyo, ilipita miaka, na ni Februari 2017 ndipo Rais John Magufuli alipomteua Rogers Siyanga kuwa Kamishna Jenerali wa kwanza.

Wasomaji wanaikumbuka Februari ile kwa sababu nyingine. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alikuwa akisoma majina hadharani. Orodha moja tu ilikuwa na watu 65, wakiwamo wanasiasa, viongozi wa dini na wafanyabiashara, wakitakiwa wafike polisi. Hatutarudia hapa jina hata moja. Wengi wao hawakufikishwa mahakamani kwa kuuza dawa za kulevya, na mtu ambaye hakushitakiwa hana mahali pa kwenda kuachiwa huru. Mkuu wa mkoa si mpelelezi, na kituo cha televisheni si mahakama. Sheria ilikuwa imekwishaunda ofisi ya kupokea tuhuma za namna hiyo kwa siri, kuzichunguza na kuzipeleka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kilichotokea ni kwamba waliohusika kweli, kama walikuwamo, walipewa taarifa mapema kwamba wanatafutwa.

Wajibu wa kwanza wa Kamishna Jenerali, basi, ni kukataa. Amkatalie mwanasiasa anayetaka majina ya kusoma jukwaani. Amkatalie pia mkubwa anayepiga simu usiku kuulizia kijana wake aliyekamatwa. Anayeshindwa yote mawili ajiuzulu.

Wajibu wa pili hauna mvuto wa picha, na ndiyo maana tutakaa nao zaidi. Kesi ya unga hufa au hupona kutokana na makaratasi. Nani aliufungua mzigo? Shahidi huru alikuwapo wakati wa upekuzi, au aliitwa baadaye kuja kutia saini? Bahasha ilifungwa kwa lakiri gani, ikakabidhiwa kwa nani saa ngapi, ikalala ghala lipi kabla ya kufika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali? Uzito ulioandikwa siku ya kukamata unalingana na uliopimwa maabara? Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba mnyororo wa utunzaji wa vielelezo ukikatika mahali pasipo maelezo, shaka iliyobaki ni ya mshitakiwa. Si hila ya mawakili, kama tunavyosikia maofisa wakilalamika kila kesi inapoanguka. Ndiyo kinga pekee aliyonayo dereva wa bodaboda asiye na hatia aliyewekewa kete mfukoni.

Kinga hiyo ina uzito zaidi kwa sababu sheria yetu inamnyima dhamana anayetuhumiwa kwa kiasi kikubwa cha dawa. Yaani ofisa akivuruga fomu moja, mmojawapo wa watu wawili anaumia. Mwenye hatia atarudi mtaani akiwa ameshajifunza. Asiye na hatia atakaa mahabusu akisubiri kusikia tena na tena kwamba upelelezi haujakamilika. Tunamtaka Kamishna Jenerali awafunze vijana wake kuandika kwa bidii ile ile anayowafunzia kuvamia nyumba.

Halafu yupo mwenye mali. Mtaani wanasema dagaa ndio wanaonaswa na papa wanapita, na usemi huo umedumu kwa sababu haujakanushwa kwa vitendo vya kutosha. Punda aliyemeza kete na kukamatwa uwanja wa ndege si mwenye biashara. Wala nahodha wa jahazi linalotoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, si yeye. Mwenye biashara hufuatwa kwa njia ya fedha: nyumba, akaunti, kampuni ya usafirishaji, magari yenye majina ya shemeji. Upelelezi wa namna hiyo unachukua miaka na hauna kilo za kuonyesha.

Majirani zetu Wakenya wametupa funzo ambalo hatulipendi. Ndugu wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014. Shauri la kuwapeleka Marekani lilizunguka mahakamani hadi Januari 2017 waliposafirishwa. Wakakiri makosa New York mwaka 2018, Baktash akahukumiwa miaka 25 mwaka 2019 na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Katika kesi hiyo ilielezwa jinsi maofisa wa umma nyumbani walivyokuwa wakihongwa. Pwani iliyoumizwa na heroini yao haikuwahi kuwatia hatiani kwenye mahakama zake. Sisi nasi tumewahi kuwakabidhi watuhumiwa wetu kwa Wamarekani. Inafaa tujiulize ni lini mwenye mali mkubwa atahukumiwa hapa hapa, kwa ushahidi uliokusanywa na Watanzania.

Hapo Rais anayemteua Kamishna Jenerali naye ana la kujibu. Kati ya 2017 na 2023 kiti hiki kimeshikwa na Siyanga, James Kaji, Gerald Kusaya, kisha Lyimo. Hatudai kwamba yeyote kati yao alistahili kubaki. Hilo wanalijua walioona majalada. Ila upelelezi wa fedha za papa mmoja unaweza kuchukua muda mrefu kuliko kipindi walichokaa baadhi yao. Kamishna mpya huja na vipaumbele vyake, na jalada la zamani husogezwa pembeni. Wauzaji wakubwa hawabadilishwi kwa taarifa ya Ikulu. Tunapendekeza Bunge liweke muda maalumu wa kushika madaraka haya, na sababu za kumwondoa mtu kabla ya muda huo ziandikwe kwenye sheria.

Kuhusu tiba, nchi hii ina jambo la kujivunia na hatulisemi vya kutosha. Tangu Februari 2011, waraibu wa heroini wamekuwa wakipewa metadoni Muhimbili, kisha Mwananyamala, Temeke na mikoani. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, huondoka bila arosto na bila haja ya kuiba kioo cha gari. Hakuna operesheni iliyowahi kumpunguzia pusha wateja kwa utulivu huo.

Lakini metadoni inafanya kazi kwa heroini na jamii yake tu. Haimsaidii kitu aliyezoea methamfetamini, na mzigo wa Desemba 2023 ulikuwa na vyote viwili. Marufuku ya Taliban dhidi ya kilimo cha afyuni, iliyotangazwa Aprili 2022, ilishusha mavuno ya Afghanistan kwa asilimia 95 katika mwaka 2023, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Njia ya bahari inayoishia kwetu haitakaa tupu, itapakiwa kingine. Sierra Leone ilifika mahali pa kutangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa sababu ya mchanganyiko unaoitwa kush. Kamishna Jenerali asipokaa na Wizara ya Afya sasa hivi kupanga tiba ya uraibu usiotibika kwa metadoni, atakuwa ameacha nusu ya jina la Mamlaka yake.

Zanzibar ina mamlaka yake na sheria yake ya mwaka 2021. Ni sawa, mradi jahazi lisipate mapumziko kati ya ofisi mbili zisizosomeana majalada.

Tunadai jambo moja linalowezekana. Taarifa ijayo ya hali ya dawa za kulevya ionyeshe, pembeni ya kila shehena kubwa iliyotangazwa mbele ya waandishi tangu 2017, shauri lake limefikia wapi, nani mwenye mali, mali gani imetaifishwa, na kama kesi ilianguka, ilianguka kwa kosa la nani. Waziri Mkuu, ambaye Mamlaka iko chini ya ofisi yake, asiipokee taarifa isiyo na majibu hayo.