Visiki ndivyo msitu wa Makonde

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya misitu ya Newala na Masasi. Kila mwaka tunahimizwa kupanda miti, na hilo ni jema. Lakini hatujiulizi ni lini msitu hushindwa kurudi wenyewe.

Vichaka vizito vya uwanda wa juu wa Makonde havikuogopa jembe. Wazee walifyeka, wakachoma, wakalima mihogo, mtama na kunde kwa misimu michache, kisha wakahamia kwingine na kuliacha shamba lilale miaka mingi. Visiki na mizizi vilibaki ardhini. Mvua zikinyesha vilichipua, na baadaye kichaka kilifunga tena hata mtu asipite. Kule chini Masasi, miombo nayo huchipua vivyo hivyo. Kwa hiyo kukata mti si lazima iwe kuua msitu.

Msitu hufa visiki vinapochoka. Shamba likirudiwa mapema, machipukizi hukatwa tena na tena, akiba iliyo mizizini hupungua, nyasi huingia. Nyasi zikikauka huleta moto, moto huua machipukizi, nyasi huzidi. Ukame ukiongezeka juu ya hayo, mambo hugeuka: hata watu wakiondoka, kichaka hakirudi. Huko Amazon, wataalamu Thomas Lovejoy na Carlos Nobre walionya mwaka 2018 kwamba ukipotea kwa asilimia 20 hadi 25, sehemu kubwa ya msitu ule yaweza kugeuka mbuga. Sisi tusingoje hesabu. Penye nyasi ndefu na visiki visivyochipua, jibu limekwisha kutolewa.

Nini kimefupisha mapumziko ya mashamba? Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwasogeza watu karibu na shule na zahanati, lakini mashamba ya jirani yakalimwa mfululizo. Ikaja pia mikorosho. Simlaumu mtu, maana korosho ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Ila shamba la mikorosho halilali.

Ziko sheria za kutusaidia: ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na ya Misitu ya 2002 inayoruhusu kijiji kutenga msitu wake. Naomba Halmashauri za Newala na Masasi zivisaidie vijiji kutenga kwanza miteremko ya ukingo wa uwanda, ambako udongo ukishaanza kuporomoka haushikiki. Anayefungua shamba huko asing'oe visiki. Njia za kuzuia moto zisafishwe kabla nyasi hazijakauka.

Tena shamba lililolala lisihesabiwe kuwa pori lisilo na mwenyewe. Mkulima akihofia kunyang'anywa, hulifyeka kabla ya wakati wake, na hakuna mche wa bure utakaomzuia.

Mkulima,
Newala.