Mpeleke Mwanao Kwenye Maporomoko Kabla Hajaenda Peke Yake

Kila Desemba barabara za Kilimanjaro hujaa magari kutoka Dar es Salaam na Arusha. Tunarudi nyumbani. Tunachinja, tunabariki ndoa, tunabatiza, tunahesabu nani amejenga na nani bado. Watoto tunawaacha sebuleni na simu. Wakati huohuo, kwenye njia za Marangu na Materuni, wageni kutoka Ulaya wanapita na watoto wao, wakienda kutazama maporomoko yetu. Ukiuliza kwa nini sisi hatuendi, unajibiwa: "Hayo ni mambo ya Wazungu."

Jibu hilo nalipinga, tena kwa Biblia. Ibrahimu alisafiri na Isaka kuelekea Moria, na siku ya tatu aliwaacha watumishi nyuma. Ni pale, baba na mwana wakipanda wawili tu, ndipo Isaka alipouliza swali lake zito: mwanakondoo yuko wapi? Yesu akiwa na miaka 12 alisafiri na wazazi wake kwenda Yerusalemu. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza wazazi wawafundishe watoto wao wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Siku mbili za kutembea mlimani na kulala hema moja zina nafasi hizo zote. Je, Ibrahimu alikuwa Mzungu?

Sisi Walutheri hatuna hata pa kujificha. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika kwamba hivyo ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Sisi tumekigeuza kuwa kitabu cha mwinjilisti. Mzazi anampeleka mtoto darasa la Kipaimara kama anavyopeleka mahindi mashineni: anaacha gunia, anarudi kuchukua unga.

Pale Marangu yapo maporomoko ya Kinukamori. Wenyeji husimulia habari za binti aitwaye Makinuka, aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Kwa hofu ya adhabu alikwenda kwenye maporomoko ili ajiue. Alipofika ukingoni akabadili nia, akageuka arudi nyumbani, akakutana na chui. Akaanguka, akafa. Sanamu yake imesimama pale hadi leo.

Hadithi hiyo tumezoea kuwasimulia mabinti ili kuwatisha. Mimi naona inatuhusu zaidi sisi wazazi. Binti yule alipita njia nzima peke yake na siri yake. Baba alikuwa wapi? Mama alikuwa wapi? Na leo, katika sharika zetu, binti akipata mimba, mara ngapi mzee wa kanisa anajua kabla ya mama mzazi? Tuna utaratibu wa kumtenga na utaratibu wa kumrudisha kundini. Utaratibu wa kutembea naye kabla hajafika ukingoni hatuna. Na wavulana wetu wanaobeba siri zao kimya, nani ametembea nao?

Najua utasema: "Kanisa lina makambi ya vijana." Ni kweli, na ni mazuri. Lakini kambi ya vijana humpa mtoto marafiki na mhubiri. Haimpi baba wala mama. Kila tunapomwondoa mtoto nyumbani ili akafundishwe imani na wengine, tunamthibitishia kwamba imani si jambo la kuzungumza na wazazi.

Utasema pia: "Hakuna pesa." Waliochangia harusi tatu mwaka huu wasiniambie hivyo. Asiye na uwezo aazime hema, au alale na mwanawe chini ya turubai kwenye kihamba cha babu, kisha asubuhi wapande pamoja. Utasema kuna hatari. Basi msiende wakati wa masika, mawe yakiwa yanateleza; lipeni kiingilio, na mchukue kijana wa pale awaongoze.

Mkifika, usihubiri. Mwandishi wa Zaburi ya 42 aliposikia kishindo cha maporomoko alimlilia Mungu jinsi mawimbi yanavyopita juu yake. Maji yale yanaweza kufungua kinywa cha mtoto kuliko maswali yako. Keti, nyamaza, ngoja. Akisema jambo zito, usipige kelele. Usiku muombe pamoja.

Natoa pendekezo kwa kila usharika. Kabla ya Jumapili ya Kipaimara, kila mtoto alale kambini angalau usiku mmoja na mzazi wake. Yatima aende na mlezi au mdhamini wake wa ubatizo. Asiwepo mchungaji, isiwepo kwaya. Na mzazi atakayesema hana nafasi, wazee wa kanisa wamtembelee yeye kwanza, kabla hawajapata sababu ya kumwita mwanawe.