Safari na Vyombo: Kutia Moto Vishikio vya Pikipiki



Mwalimu mmoja wa upande wa Laela ametuandikia barua. Asema kwamba siku za kipupwe husafiri alfajiri kwa pikipiki, na afikapo shuleni vidole vyake vimekufa ganzi hata hawezi kushika chaki. Amesikia habari za vishikio vya usukani vinavyopata moto kwa umeme wa pikipiki yenyewe, naye auliza kama aweza kuvifunga kwa mikono yake bila kuharibu chombo.

Ndugu zetu wa pwani wakisoma swali hili huenda watacheka. Sisi wakaaji wa Ufipa hatucheki. Mji wa Sumbawanga uko juu ya bahari kadiri ya mita 1,800, na milima ya Mbizi hupita mita 2,000. Hewa hupoa nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi mtu atokaye Muze, bondeni mwa Rukwa, akiwa na shati moja tu, akifika juu ya Lyamba lya Mfipa hukuta nchi nyingine kabisa. Tena toka Juni hata Agosti upepo wa kusini mashariki hauna kizuizi katika nyika zetu.

Nami nina sababu yangu ya kutocheka. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nalipanda kutoka bondeni saa 10 alfajiri, nimempakia mke wangu. Tulipofika juu, mikono yangu ilikuwa kama vipande vya mti. Ng'ombe wakatokea katika ukungu, wakavuka njia. Nikawaona mapema, nikataka kushika breki. Macho yalifanya kazi yake, na moyo ulifanya kazi yake, ila vidole havikuitika. Tukaingia mtaroni. Mimi nalichubuka magoti tu. Mke wangu alivunjika mfupa wa mkono, akakaa wiki nyingi bila kuweza kusonga ugali. Kwa hiyo neno hili si la starehe, kama wengine wanavyodhani.

Sababu yake ni hii. Mwili ukisikia baridi kali huirudisha damu ndani, ili moyo na tumbo vikae na moto, navyo vidole huachwa. Na upepo wa mwendo huondoa upesi joto lile dogo lililobaki. Basi dawa ya kwanza ni kuzuia upepo, wala haina waya hata mmoja: shona mifuko miwili ya ngozi au ya turubai nene, uifunge kwenye usukani, mikono iingie humo. Mdomo wa mfuko uwe mpana, mkono upate kutoka upesi pasipo kunaswa. Vishikio vya moto hupasha kiganja tu. Nyuma ya vidole huendelea kupigwa na upepo. Mtu mwenye vishikio vya moto bila kinga ni kama mtu aotaye moto mlangoni, mgongo wake nje.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Vishikio viwili vya namna ya kawaida hula wati 30 hata 50. Tuseme 36: kwa umeme wa volti 12 ni ampea 3, yaani sawasawa na kuongeza taa kubwa nyingine ya mbele. Pikipiki kubwa haioni taabu. Hizi zetu ndogo za kupakia abiria zina koili za magneti zenye nguvu kidogo, na nyingine zina betri ya ampea-saa 2.5 tu. Betri hiyo ikitoa ampea 3 pasipo kurudishiwa chaji, saa moja haifiki. Tena katika baadhi ya pikipiki hizo taa ya mbele hailishwi na betri. Hupata umeme wake moja kwa moja toka koili, na umeme huo hupanda na kushuka kwa kadiri ya mwendo wa injini. Usiunge kitu chako katika waya huo.

Ukinunua vishikio, angalia tundu zake. Chuma cha usukani kina unene wa milimita 22, lakini upande wa kulia kuna bomba la plastiki la kuvutia mafuta, na kwa hiyo kishikio cha kulia kina tundu kubwa zaidi. Nimemwona mtu aliyevibadilisha, akatumia nyundo. Toa mipira ya zamani kwa kuingiza maji ya sabuni chini yake, ama ikate kwa kisu ikiwa imechakaa. Usitie mafuta wala grisi. Futa chuma kikauke kabisa, piga msasa matuta ya lile bomba la plastiki, kisha tia gundi isiyoyeyuka kwa moto.

Upande wa kulia ndio wenye hatari. Kishikio kile huzunguka, na waya wake huzunguka pamoja nacho. Uuelekeze mahali ambapo, ukivuta mafuta mpaka mwisho, haugusi mkono wa breki. Uuachie nafasi ya kulegea kama kitanzi. Ukiachia, kishikio kirudi chenyewe upesi. Kikirudi polepole au kikikwama, usiwashe injini hata umekitengeneza, kwa maana pikipiki isiyopunguza mafuta ni mbaya kuliko baridi yoyote ya Mbizi.

Waya wa chanya utoke kwenye betri, na kabla haujafika mbali, yapata shubiri moja, utiwe fyuzi ya ampea 5. Kisha upite kwenye rilei, ndipo uende kwenye swichi ya vishikio. Rilei iamshwe na waya wa betri unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa tu, kama ule wa honi. Waya wa hasi urudi betrini. Fundi wangu wa kwanza, ambaye simtaji, aliunga nyaya kwenye betri bila fyuzi wala rilei, akazisokota kwa vidole na kuzifunga karatasi ya nailoni. Nalikwenda msibani, nikasahau kuzima. Asubuhi honi haikulia hata kidogo. Mwezi uliofuata waya ulikwanguka pale shingoni mwa usukani, moshi ukatoka chini ya tangi la petroli! Toka siku ile viungo vyote nachomea kwa risasi mwenyewe, na pale shingoni navivika nyaya mpira.

Kazi ikiisha, washa injini ikae katika mwendo mdogo, ukageuze usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Injini ikipaza sauti, kuna waya unaovutwa. Kisha pima betri kwa mita. Injini ikienda kwa mwendo wa safari na vishikio vikiwaka, yafaa uone volti 13.5 au zaidi; ukiona 12.5 na inashuka, betri yaliwa, basi punguza moto au uviwashe barabarani tu, wala si unaposimama kungoja abiria. Kishikio cha kushoto kikiwa baridi kuliko cha kulia usimlaumu muuzaji kwanza: chuma cha usukani hunyonya joto, na lile bomba la plastiki la upande wa pili hulizuia.

Mtu ambaye mikono yake haisikii vema, kwa ukoma wa zamani au kwa kisukari, asivitumie kwa moto mkubwa, maana ataungua asijue.

Mwalimu wa Laela hakutuambia pikipiki yake ni ya namna gani. Atazame ubavuni mwa betri yake, aandike namba zilizopo pale, na atujulishe pia kama pikipiki huwashwa kwa kitufe au kwa kupiga teke tu. Ikiwa ni ya teke na betri ni ile ndogo, naomba aanze na mifuko ya ngozi, na fedha yake aiweke kwanza.