Dakika Hizo Si Zako, Shemeji

Shemeji yangu alikuja Krismasi kutoka Marekani na picha mia tatu kwenye simu. Nilizitazama zote, kwa sababu dada yake ndiye anayenipikia na sipendi kulala njaa. Katika picha moja watoto wake wanacheka kule Disney, Orlando, na mbele yao hakuna mtu. Nikamuuliza, kwani siku hiyo watu hawakuja? Akacheka kicheko cha mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo.

"Watu walikuwa kama nzi, shem. Sisi tulilipa kidogo juu, tukapita upande." Kisha, huku akichomoa mwiba wa ngege kinywani, akatoa kauli iliyoniharibia chakula: "Wakati ni pesa. Aliye nayo analipa, asiye nayo anangoja. Nani ameumia?"

Meza nzima iliitikia kwa vichwa. Mpwa wangu anayesoma uchumi Maseno akaongeza kwamba hiyo inaitwa ufanisi. Aliyenyamaza ni binti yangu wa miaka minane peke yake, na ana sababu yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu shemeji kichwani, nikinyoa ndevu, nikingoja tuktuk Kondele. Nani ameumia? Aliyeumia ni yule uliyempita. Alikuwa amesimama pale pale, umemwona kwa macho yako, na watoto wako wamempungia mkono.

Nimeisoma habari ya biashara hii ili nisibishane hewani. Disney walipoanzisha karatasi ya kupitia upande, mwaka 1999, ilikuwa bure kwa kila aliyelipa kiingilio. Unachukua karatasi yako, unaambiwa urudi saa fulani, unakwenda kununua soda. Oktoba 2021, pale Florida, ikageuka huduma ya kulipia: dola 15 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2024 wakaleta pasi ya wakubwa, ambayo siku za msongamano inafika dola 449 kwa kichwa, na kiingilio hakimo humo. Nilipomsomea shemeji bei hiyo akasema, aah, ile hatukununua, tulichukua ile ya chini. Kwa hiyo naye kuna waliompita. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Lakini tuiache Florida, hapa petu pia ugonjwa umeingia. Agosti iliyopita, likizo, tulikuwa kwenye kiwanja kimoja cha michezo ya watoto mjini Kisumu. Sitakitaja, mwenyewe atajijua. Kuna bembea la kuzunguka lenye viti 12. Linazungushwa dakika tano, linasimama, hawa wanashuka na wale wanapanda. Bei ni shilingi 100, unampa kijana aliyeshika kamba. Kando yake kuna kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: VIP 250. Ukitoa hiyo 250 mtoto anafungwa utepe wa manjano mkononi, kamba inainuliwa upande wa pili, naye anapanda kabla ya wote.

Kwenye foleni ya mia alisimama msichana wa miaka saba hivi, amevaa sweta ya shule ya kijani ingawa shule zilikuwa zimefungwa, noti ameikunja mara nne ndani ya ngumi. Kila foleni iliposogea aliifungua ngumi, akaangalia kama noti bado ipo, akaifunga tena. Niliwahesabu waliomtangulia: watoto 48. Sasa tupige hesabu ya darasa la nne. Viti 12 kila mzunguko, mizunguko minne, dakika 20, na wa tano ni wake. Lakini kila mzunguko viti sita vilikuwa vinakwenda kwa utepe wa manjano. Mizunguko minne ikawa minane, dakika 20 zikawa 40. Mwenye bembea hakuongeza kiti. Hakuongeza kasi. Hakuleta bembea la pili. Bidhaa aliyoiuza kwa shilingi 150 za ziada ni dakika 20 za yule mtoto, na mtoto mwenyewe hakupata hata shilingi tano katika mauzo ya mali yake.

Mtu akiuza mbuzi wa jirani tunamwita mwizi, na aliyemnunua huku akijua tunampeleka kwa chifu pamoja naye. Akiuza dakika za jirani tunamwita mjasiriamali.

Kuna wanaosema eti wakati wa tajiri ni ghali, kwa hiyo ni haki aharakishwe. Hili ndilo linalonichekesha zaidi. Nenda ufuo wa Dunga alfajiri, wakati mashua za omena zinarudi na taa zake. Mama anayenunua omena anashindana na jua. Akizipata saa moja asubuhi, anazitandaza kwenye nyavu, anazigeuza, alasiri zimekauka, anapakia gunia, kesho yuko soko la Kibuye na gorogoro yake anapima. Akizipata saa tano, nusu ya jua imeshampita, na tunavyoijua mvua ya ziwa hili, saa tisa iko kichwani. Omena iliyonyeshewa inauzwa kwa watu wa chakula cha kuku, kwa bei ya kukutukana. Sasa niambie, wakati wa nani ni ghali: wake yeye, au wa bwana wa Milimani ambaye samaki wake wanalala kwenye friji na mshahara wake unaingia hata akiwa amelala? Mwenye friji ndiye mwenye uwezo wa kusubiri. Lakini ndiye wanaomwinulia kamba.

Na ni kwenye fuo hizi hizi tulikojifunza foleni ikishauzwa inaishia wapi. Samaki walipopungua, mwenye mashua akapata nguvu ya kuamua nani ahudumiwe kwanza, na bei ya kuwa wa kwanza ikaacha kuwa pesa tu. Tunaiita jaboya. Mwanamke anampa mvuvi mwili wake ili asikose samaki, na samaki wenyewe bado anawalipia. Kila mtu kutoka Usenge hadi Mbita analijua neno hilo, na kaunti zetu za huku ziwani ndizo zinazoongoza Kenya kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, upande wa Nyando, walichoka wakatafuta mashua zao wenyewe, wakajiita No Sex for Fish, jina lisilohitaji mkalimani. Waliajiri wanaume wawavulie. Halafu mwaka 2020 ziwa likafura likameza nyumba zao, lakini hiyo ni makala nyingine.

Sisemi bembea la watoto ni jaboya. Nasema ni mjomba na mpwa. Palipo na viti vichache, mwenye kamba akiruhusiwa kuuza nafasi ya mbele, asiye na pesa ataulizwa ana nini kingine.

Najua barua zitakazokuja. Kuna msomaji ambaye kila nikigusa pesa za watu ananiita mkomunisti. Ndugu yangu, huku hospitali yetu kuu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na mpaka leo tunaiita Russia, hilo halinitishi. Mwingine ataandika: mbona ndege ina viti vya bei ghali mbele? Ndiyo, ina, na ndege ikigusa lami ya Kisumu, kiti cha mbele na kiti cha nyuma vimetua pamoja. Yule wa mbele amenunua nafasi ya magoti na juisi kwenye glasi, wala hakunifikisha mimi kesho kutwa. Wa tatu atauliza kwa ukali kama ninataka ambulensi nazo zisimame kwenye foleni. Huyo simjibu, namwombea.

Mpwa wangu wa uchumi aliniletea mfano wa barabara ya juu ya Nairobi. Nilimshukuru kwa moyo wote. Barabara hiyo, kilomita 27, ilifunguliwa mwaka 2022, na tangu Januari 2024 gari dogo linalipa shilingi 500 kuimaliza yote. Inaanzia wapi? Mlolongo! Mji uliopata jina lake kwa msururu wa malori kwenye mizani ya barabara kuu. Unalipia Mlolongo ili usiwe kwenye mlolongo. Mpwa anasema wa chini wamenufaika kwa kuwa magari yamepungua. Nilipita chini mwezi wa kumi na moja, kwenye matatu, saa kumi na moja jioni, nikazihesabu nguzo za barabara hiyo moja moja. Nilipata muda wa kuzihesabu. Nguzo zimesimama katikati ya barabara tuliyokuwa nayo, na juu yake V8 za waheshimiwa zinapita kama upepo. Mkubwa asiyekaa kwenye msongamano anajuaje kwamba msongamano upo? Zamani angalau alihitaji king'ora ili apite, na sisi tulipata nafasi ya kumtukana kioo kwa kioo.

Wazee wenzangu tuna sababu ya kushtuka neno mlolongo likitajwa. Mwaka 1988 KANU ilitupanga mlolongo nyuma ya wagombea, mchana kweupe, na bado kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Hasira ya mwaka ule haikuwa ya kusimama juani. Kusimama tumezoea. Ilikuwa ya kusimama, ukahesabika, kisha ukaambiwa kwamba kusimama kwako hakukuwa na maana.

Na tukiwa hapo hapo kwenye maudhi yangu, matanga. Siku hizi huwezi kumzika mtu Nyakach wala Gem bila hema la wageni mashuhuri: viti vyenye vitambaa, maji ya chupa, sahani za udongo. Wajane na waliochimba kaburi wanapanga foleni ya wali juani, na nyama ikifika kwao imekuwa mchuzi. Mwaka jana niliona mtu aliyemwona marehemu mara moja tu maishani akipakuliwa paja zima la kuku kwa sababu alikuja na dereva. Hakuna aliyelipa kitu pale, lakini akili ni ile ile: kuna watu ambao kungoja kunawachafua.

Kungoja hakumchafui mtu. Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba 2025, mwili wa Raila Odinga ulipoletwa uwanja wa Mamboleo, watu walitembea kwa miguu tangu usiku. Wakubwa walikuwa na jukwaa lao, wakubwa hawakosi jukwaa. Lakini sisi wengine, maelfu kwa maelfu, tulikuwa kwenye laini moja: mwenye duka la vipuri, muuza mahindi ya kuchoma, wakili niliyemjua kwa tai yake, kijana wa boda na helmeti yake kwapani. Watu walizimia, wakapepewa, wakanyweshwa maji na wageni wasiowajua. Hakukuwa na tiketi ya kununua. Wakili alisogea hatua moja kila muuza mahindi aliposogea hatua moja. Angetokea kijana na utepe wa manjano pale, sijui kama angefika barabarani mzima.

Hata gugumaji linatutendea haki kuliko mwenye bembea. Likijaa pale Dunga, mashua ya tajiri na ya maskini zote zinakaa.

Kwa hiyo, wenye viwanja, wenye kamba, wenye vibao vya rangi nyekundu: mkiona watoto wamezidi viti, ongezeni viti. Au wapeni karatasi yenye saa ya kurudi, kama wale Wamarekani kabla tamaa haijawashika. Vyote hivyo vinawezekana, na hakuna anayewakataza kupata faida.

Na wewe shemeji, uliuliza nani ameumia. Siku ile ya Agosti, saa kumi na mbili jioni, bembea lilizimwa, saa ya kufunga ilikuwa imefika. Msichana wa sweta ya kijani alikuwa amebakiza watoto wawili mbele yake. Aliifungua ngumi, akaiangalia noti, akamrudishia mama yake. Binti yangu alimwona, akaniuliza, "Baba, si yule alikuwa mbele yangu?" Alikuwa na utepe wa manjano mkononi. Ile 250 nililipa mimi.